Brutus Hamilton: Aliyekosa dhahabu kwa pointi chache, akageuka mwalimu wa mabingwa

KATIKA historia ya riadha ya Marekani wapo mabingwa wengi ambao majina yao hutajwa kila inapofika michezo ya Olimpiki. Jina la Brutus Hamilton si miongoni mwa hayo. Hakuwahi kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki, wala hakuwahi kuweka rekodi ya dunia iliyodumu. Hata hivyo, kati ya miaka ya 1920 na 1960 ni vigumu kupata ukurasa muhimu wa riadha ya nchi hiyo ambao mkono wake haukuugusa.

Hamilton alikuwa mwanariadha wa dekathloni akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akatwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1920, kisha akaishi zaidi ya miongo minne akiwa kocha. Wanafunzi wake walishinda dhahabu, walivunja rekodi za dunia na, mara moja, walivunja hata utabiri wa mwalimu wao mwenyewe.

Alizaliwa Julai 19, 1900, Peculiar, kijiji kidogo cha wakulima katika jimbo la Missouri, ambacho jina lake kwa Kiingereza lina maana ya kitu cha ajabu au kisicho cha kawaida. Alisoma sekondari katika mji jirani wa Harrisonville na huko ndiko kipaji chake kilikoanza kuonekana. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Missouri, ambako alicheza pia soka ya Kimarekani.

Mchezo wa siku mbili

Dekathloni ni mchezo unaomtaka mwanariadha mmoja ashindane katika michezo kumi kwa siku mbili. Siku ya kwanza huanza na mbio za mita 100, hufuatiwa na kuruka chini, kutupa tufe, kuruka juu na mbio za mita 400. Siku ya pili huanza na mita 110 za kuruka viunzi, kisha kurusha kisahani, kuruka kwa upondo, kurusha mkuki na, mwishoni kabisa, mbio za mita 1500.

Mshindi hapatikani kwa kuwatangulia wenzake katika mchezo huu au ule, bali kwa jumla ya pointi. Kila muda na kila umbali una pointi zake katika jedwali maalumu. Kwa sababu hiyo mwanariadha anaweza kushindwa katika michezo mingi na bado akatwaa ubingwa, ilimradi hakuanguka vibaya katika mchezo wowote.

Ugumu wake umo katika kupatanisha mambo yasiyopatana. Mwili unaofaa kutupa tufe ni mzito mno kwa mbio za mita 1500, na mwili wa mkimbiaji wa masafa hauna nguvu za kutosha kurusha kisahani. Mwanadekathloni lazima akubali kwamba hatakuwa bora kabisa katika jambo lolote, ili awe mzuri wa kutosha katika yote. Wanaoufahamu mchezo huu husema kwamba ni shule nzuri ya ukocha, kwa kuwa anayeshiriki hulazimika kujifunza mbinu za michezo karibu yote ya uwanjani.

Mwaka 1920 Hamilton alikuwa bingwa wa Marekani wa dekathloni na pia wa pentathloni, yaani mashindano ya michezo mitano. Akiwa na miaka 20 tu, alichaguliwa kwenda Antwerp, Ubelgiji, kwenye Olimpiki ya kwanza tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Safari yenyewe haikuwa ya raha. Sehemu kubwa ya timu ya Marekani ilisafirishwa kwa meli ya kijeshi iliyoitwa Princess Matoika, ambayo muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa ikirudisha nyumbani maiti za askari waliokufa vitani Ulaya. Wanariadha walilalamikia harufu ya dawa za kuhifadhia maiti, vyumba vilivyosongamana chini ya sitaha na chakula kibovu. Waliandika na kutia saini malalamiko yao, tukio ambalo wanahistoria wa michezo huliita uasi wa Matoika. Ndani ya meli hiyo mazoezi yalifanyika kwa kubahatisha, na warusha mkuki walilazimika kufunga kamba kwenye mikuki yao ili waivute tena baada ya kuitupa baharini.

Huko Antwerp, Hamilton alianza na pentathloni na kumaliza katika nafasi ya sita. Siku chache baadaye, Agosti 20 na 21, aliingia katika dekathloni. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Helge Løvland wa Norway, aliyemzidi umri kwa miaka kumi.

Matokeo yalipojumlishwa, Løvland alikuwa na zaidi ya pointi 6800 na Hamilton 6771. Tofauti haikufika pointi 35. Katika mchezo wenye maelfu ya pointi, pengo la namna hiyo linaweza kuletwa na sekunde chache katika mbio za mwisho, au na sentimita chache katika mruko mmoja. Msweden Bertil Ohlson alichukua shaba akiwa nyuma yao kwa mbali.

Miaka minne baadaye Hamilton alikuwa tena katika timu ya Marekani iliyokwenda Paris, ambako alishindana katika pentathloni. Ilikuwa mara ya mwisho kwa pentathloni ya wanaume kuwamo katika riadha ya Olimpiki, na ikawa mara ya mwisho pia kwa Hamilton kushindana katika michezo hiyo. Tangu hapo aliingia viwanjani akiwa na saa mkononi.

Kutoka Fulton hadi Kansas

Alianza kufundisha michezo katika chuo kidogo cha Westminster, mjini Fulton, katika jimbo lake la Missouri. Mwaka 1929 alihamia Chuo Kikuu cha Kansas kuongoza timu ya riadha. Hakukaa muda mrefu, lakini ndani ya miaka hiyo michache alikutana na vijana wawili ambao majina yao yamebaki katika kumbukumbu za Olimpiki.

Wa kwanza alikuwa James Bausch, kijana mwenye mwili mkubwa aliyejulikana zaidi kwa soka ya Kimarekani. Hamilton alimwingiza katika dekathloni. Mwaka 1932, katika Olimpiki ya Los Angeles, Bausch alitwaa medali ya dhahabu kwa kupata pointi 8462, idadi iliyokuwa rekodi ya dunia. Medali ambayo mwalimu aliikosa mwaka 1920 kwa pointi chache, mwanafunzi aliichukua miaka 12 baadaye.

Wa pili alikuwa Glenn Cunningham. Akiwa mtoto, Cunningham aliungua vibaya miguu katika moto uliotokea shuleni kwao Kansas na kumuua kaka yake. Kulikuwa na hofu kwamba asingetembea tena. Alipofika chuoni alikuwa mkimbiaji wa maili mwenye makovu miguuni, aliyehitaji muda mrefu wa kupasha mwili moto kabla ya kila shindano. Mwaka 1932 alishika nafasi ya nne katika mita 1500 huko Los Angeles, na mwaka 1936 alipata medali ya fedha mjini Berlin.

Katikati ya mashindano hayo mawili, Juni 1934, Cunningham alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 6.8. Ilikuwa rekodi ya dunia. Wakati huo Hamilton alikuwa ameshaondoka Kansas.

Miaka 32 Berkeley

Mwaka 1933 Hamilton alichukua uongozi wa timu ya riadha ya Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Alibaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1965.

Mwanafunzi wake wa kwanza kufika kileleni akiwa Berkeley alikuwa Archie Williams, kijana mweusi kutoka mji jirani wa Oakland aliyekuwa akisomea uhandisi wa mitambo. Mwanzoni Williams alikuwa mkimbiaji wa kawaida wa mita 400. Katika msimu mmoja, mwaka 1936, alipanda ghafla. Mjini Chicago, katika mashindano ya vyuo vikuu, alikimbia kwa sekunde 46.1 na kuweka rekodi ya dunia. Miezi michache baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki mjini Berlin, kwa sekunde 46.5, mbele ya utawala wa Wanazi uliohubiri ubora wa watu weupe.

Jeraha la mguu lilikatisha mapema maisha ya Williams uwanjani, lakini shahada yake ya uhandisi haikupotea. Aliwafundisha urubani vijana weusi wa Marekani huko Tuskegee wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatumikia jeshi la anga hadi mwaka 1964, kisha akawa mwalimu wa hisabati na kompyuta katika sekondari moja ya San Anselmo, California. Alifariki dunia mwaka 1993, na mwaka 2021 shule hiyo ilipewa jina lake.

Wengine hawakuwa na bahati ya Williams. Grover Klemmer, aliyesoma Berkeley, alikimbia mita 400 kwa sekunde 46.0 mwaka 1941 na kuweka rekodi ya dunia. Harold Davis alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu katika mbio fupi zote mbili mwaka 1942 na tena mwaka 1943. Wote wawili walikuwa katika kilele chao wakati Olimpiki za mwaka 1940 na 1944 zilipofutwa kwa sababu ya vita. Dunia haikupata kuwaona wakishindania medali.

Baada ya vita, orodha iliendelea kurefuka. Leamon King aliifikia rekodi ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 10.1 mwaka 1956, na mwaka huohuo akawa katika kikosi cha Marekani kilichotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne huko Melbourne. Jack Yerman alifanya hivyo katika mita 400 mara nne, mjini Rome, mwaka 1960.

Katika timu ya taifa, Hamilton alikuwa miongoni mwa makocha wasaidizi kabla ya vita, na mwaka 1952 alikabidhiwa ukocha mkuu wa timu ya riadha ya wanaume iliyokwenda Helsinki. Timu hiyo ilirudi na medali 14 za dhahabu. Katika dekathloni, mchezo wake wa ujanani, Wamarekani Bob Mathias, Milton Campbell na Floyd Simmons walichukua nafasi zote tatu za juu.

Mpaka wa uwezo wa binadamu

Jambo lililomfanya Hamilton atajwe hata na watu wasiofuatilia riadha halikuwa medali, bali orodha. Katikati ya miaka ya 1930 aliandaa jedwali la kile alichokiona kuwa upeo wa juhudi za binadamu katika kila mchezo wa riadha. Halikuwa jambo la mzaha. Alikuwa kocha mzoefu, mtu aliyeshindana mwenyewe katika michezo kumi, na alijaribu kukadiria ni wapi mwili wa mtu ungefikia kikomo, hata kama kila kitu kingekwenda vizuri.

Kwa mbio za maili moja, aliandika kwamba kikomo ni dakika 4 na sekunde 1.6.

Kwa wakati wake, hayo yalikuwa makadirio ya ujasiri. Rekodi ya dunia ilikuwa dakika 4 na sekunde 6.8, ile ya Cunningham, kijana aliyemfundisha mwenyewe Kansas. Hamilton aliipunguza kwa zaidi ya sekunde tano na kusema hapo ndipo mwisho. Kwa maneno mengine, aliamini kwamba hakuna mtu ambaye angekimbia maili chini ya dakika nne.

Mei 6, 1954, mjini Oxford, Mwingereza Roger Bannister alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Mpaka ulikuwa umevukwa. Wengine walimfuata, lakini kwa miaka mitatu hakuna Mmarekani aliyeweza. Wes Santee wa Kansas alikaribia kabisa mwaka 1955, akakwama kwenye dakika 4 na nusu sekunde.

Aliyefanikiwa alikuwa Don Bowden, mwanafunzi wa Berkeley mwenye umri wa miaka 20. Juni 1, 1957, katika mji wa Stockton, California, alimaliza maili kwa dakika 3 na sekunde 58.7 na kuwa Mmarekani wa kwanza kuvuka mpaka huo. Bowden alijulikana zaidi katika mbio fupi kuliko hizo, za nusu maili. Kocha wake alikuwa Brutus Hamilton.

Hivyo mtu aliyeandika kwamba jambo hilo haliwezekani ndiye aliyemwandaa kijana wa nchi yake aliyelifanya kwanza. Makocha wengi wamekosea katika makadirio yao. Ni wachache ambao kosa lao lilisahihishwa na mwanafunzi waliyemlea kwa mikono yao.

Sababu za makosa ya jedwali lile zinaeleweka. Hamilton alipima kwa viwanja, viatu na mazoezi ya miaka ya 1930, wakati ambapo mkimbiaji wa maili alifanya mazoezi kidogo kuliko anavyofanya leo kijana wa sekondari aliye katika kambi ya riadha. Zaidi ya hapo, alipima kwa wanariadha waliokuwa na nafasi ya kushindana, yaani vijana wa Ulaya na Marekani. Bara zima la Afrika lilikuwa karibu halimo katika hesabu. Kenya, kwa mfano, ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956.

Julai 1999, mjini Rome, Hicham El Guerrouj wa Morocco alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 43.13, na Noah Ngeny wa Kenya akamaliza nyuma yake kwa 3:43.40. Wote wawili waliuacha mpaka wa Hamilton nyuma kwa zaidi ya sekunde 18. Kwa upande wa wanawake, Faith Kipyegon wa Kenya aliweka rekodi ya dakika 4 na sekunde 7.64 mjini Monaco mwaka 2023. Juni 2025 mjini Paris, katika jaribio maalumu ambalo halikuhesabiwa kuwa rekodi, alikimbia kwa 4:06.42. Muda huo ni bora kuliko rekodi ya dunia ya wanaume ya Cunningham, ambayo Hamilton aliitazama alipokuwa akiandaa jedwali lake.

Mwalimu kabla ya kocha

Waliosoma chini ya Hamilton walimkumbuka kama mtu wa vitabu na barua. Alisoma mashairi na historia, na aliwaandikia wanariadha wake wa zamani kwa miaka mingi baada ya wao kuondoka chuoni. Sehemu ya maandishi na barua hizo ilikusanywa na kuchapishwa mwaka 1975 katika kitabu kiitwacho The Worlds of Brutus Hamilton.

Msimamo wake kuhusu michezo ya vyuo ulikuwa wazi. Kwake, riadha ilikuwa sehemu ya elimu, na mwanafunzi alikuja chuoni kwanza kusoma. Msimamo huo una gharama yake, hasa pale vyuo vikubwa vilipoanza kushindana kununua vipaji. Lakini una faida ambayo haionekani kwenye jedwali la matokeo. Archie Williams, aliyeacha mbio akiwa bado kijana, aliishi zaidi ya nusu karne baada ya Berlin, na kilichomlisha miaka yote hiyo kilikuwa elimu yake. Katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, wapo mabingwa wa zamani ambao miguu ilipochoka hawakubaki na kitu kingine cha kushika.

Brutus Hamilton alifariki dunia Desemba 28, 1970, akiwa na umri wa miaka 70. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la riadha la Marekani mwaka 1974, sawa na Cunningham na Davis. Katika uwanja wa Edwards huko Berkeley, alikofundisha kwa miongo mitatu, mashindano ya riadha yenye jina lake yameendelea kuandaliwa kwa miaka mingi.

Jedwali lake la upeo wa juhudi za binadamu bado hutajwa, mara nyingi kwa kicheko. Wanaolicheka husahau kwamba mwenye jedwali hilo hakulitumia kumzuia kijana yeyote. Alipompata Bowden, aliyekuwa na uwezo wa kulikanusha, alimfundisha.